Dawa ya Kukondesha Damu

Wadogo zangu mnaobaki nyuma ya kaunta, msicheke. Najua mstaafu mliyemzoea ana mvi na mkongojo, na mimi bado nasuka nywele, tena juzi tu nimeombwa kitambulisho nikinunua mkasi, wakidhani ni mtoto. Lakini kustaafu nimestaafu, na aliyenistaafisha ni penisilini. Baada ya miaka yote ya kufungua chupa za dawa za watoto, kugonga unga usikwame chini na kutia maji mpaka kwenye mstari, mwili wangu umeamua unga ule ni adui. Kifua kinabana, macho yanavimba, napiga chafya kama mbuzi. Daktari wa kifua akasema nisikanyage tena chumba cha dawa. Basi nawaandikia sasa, kabla sijaanza kuota mambo mengine. Mnanijua kwa kuota.

Watu wanaopita nje wakatuona ndani na koti jeupe hudhani kazi yetu ni ya viboksi na tabasamu. Siyo. Ni kazi ya hofu, na hofu yenyewe haiishi, inahama tu kutoka kiti hiki kwenda kile.

Siku yangu ya kwanza nilifika Woolwich, hapa London, mapema mno nikakuta duka la dawa limefungwa. Nikasimama pembeni ya muuza viazi vikuu, cheti changu cha kidato cha nne kutoka Morogoro kikiwa ndani ya mkoba, kana kwamba kuna mtu angeniuliza. Hakuna aliyeuliza. Mfamasia, Bwana Mahesh, alikuja kutoka Harrow kwa treni, mwembamba, mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Alizaliwa Kisumu, akaletwa huku mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu kilichohifadhiwa kwenye chupa: kizima, ila kilinukia zamani.

Aliniwekea viboksi viwili mbele yangu. "Unajua kusoma?"

"Ndiyo."

"Sasa soma hii. Na hii."

Nikasoma. Amlodipine. Amitriptyline. Yote mawili yanaanza na "am", yote mawili yanaisha na "ine", na mimi ulimi wangu ukajikunja katikati.

"Hii ya presha," akasema. "Hii ya maumivu na huzuni. Ukichanganya, mtu wa presha atasinzia kwenye basi mpaka mwisho wa njia, na mtu wa huzuni ataanguka jikoni. Umeogopa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ogopa, kijana. Hofu ipe kiti hapa kaunta. Ukiinyima kiti itakaa kichwani."

Ndiyo elimu yangu yote ya kwanza hiyo. Kozi niliisoma baadaye, jioni jioni, nikiwa nafanya kazi. Lakini kusoma jina la dawa unapoichukua rafuni, ukalisoma tena unapobandika lebo, ukalisoma tena unapofunga mfuko, hilo alinifundisha yeye kwa kunisimamia begani akinuka chai ya tangawizi. Nikapenda vyombo vya kazi kuliko nilivyotegemea. Ile sahani ya pembetatu ya kuhesabia vidonge, unaitingisha kidogo na vidonge vinajipanga vyenyewe kama watoto wa shule, nilikuwa naiosha kwa mapenzi. Mashine ya lebo sikuipenda. Ilikuwa na akili: ilikwama foleni ikifika mlangoni tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Miaka kadhaa baada ya mimi kuanza, Bwana Mahesh, mtu mzima mwenye wajukuu, alirudi darasani. Sheria ya nchi hii inamruhusu mfamasia aliyesomea na kufuzu kuandika dawa, siyo kutoa tu zilizoandikwa na wengine. Na kuna namna moja ya ushirikiano ndani ya sheria hiyo ambayo aliipenda, nadhani kwa sababu ina woga ndani yake kama yeye. Daktari anatambua ugonjwa. Daktari na mfamasia wanapatana mpango wa mgonjwa huyo, na mgonjwa mwenyewe lazima akubali. Ndani ya mpango, mfamasia anapima, anapandisha dawa, anashusha, anaandika. Nje ya mpango, haruhusiwi hata kunusa, anampigia daktari.

Daktari wetu alikuwa ng'ambo ya barabara: Daktari Folake, mwanamke wa Kinaijeria mwenye sauti ya kuita watu kutoka kwenye basi. Walikuwa wakitupiana maneno kwa simu mchana kutwa.

Siku Bwana Mahesh alipoandika cheti cha dawa cha kwanza kwa mkono wake, alitoka kwenye chumba kile kidogo cha ushauri akapita moja kwa moja kwenda msalani. Aliporudi akaniambia kwa sauti ya chini, "Tausi, nimeandika. Nimesaini kama bwana harusi, nusura nikosee jina langu."

"Si ulikuwa unaitaka kazi hii?"

"Nilikuwa naitaka. Lakini zamani nikiona kosa, ni kosa la mwingine, mimi nasahihisha, nalala. Sasa kosa litakuwa na jina langu."

Mgonjwa wa kwanza kwenye mpango huo ambaye nilimpenda kupita kiasi alikuwa Mama Sifa. Mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msafishaji wa ofisi, mwenye vitenge vya kuamsha barabara nzima. Mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaangua kicheko. "Eh, binti, kwetu hiyo haiko. Sema jambo mama, inatosha." Moyo wake ulikuwa unapiga bila mpangilio: mara mbio, mara kimya, mara kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Moyo wa namna hiyo unaruhusu damu igande ndani yake, na bonge la damu likipanda kichwani ni kiharusi. Kwa hiyo aliandikiwa dawa ya kuzuia hilo, asubuhi na jioni, na Bwana Mahesh ndiye akawa wa kumfuatilia.

Siku ya kupatana mpango walikaa wanne ndani. Binti yake, Sifa, aliyezaliwa hapa hapa London na aliyekuwa chuoni, ndiye alitafsiri, maana Kiswahili cha Bukavu kilimpita Bwana Mahesh, na cha magonjwa hakuwahi kujifunza. Mimi nilikuwa kaunta na watu wa chanjo ya mafua. Niliona tu mlango unafunguliwa na Mama Sifa anatoka akiitikia kwa kichwa, eeh dokta, eeh, merci, Mungu awabariki. Bwana Mahesh alikuwa anang'aa.

Kila alipokuja baadaye ilikuwa hivyo hivyo. Anapimwa presha, nzuri. Anaulizwa dawa, na mimi namtafsiria.

"Mama, dawa unakunywa asubuhi na jioni?"

"Eeh, niko nakunywa. Iko bien, iko muzuri."

Anaitikia kwa kichwa. Anachukua viboksi vipya, anavibusu vidole vyake kutuaga, anaondoka. Sote tulipumua. Nami nilikuwa naota kabisa, nikiwa nafuta kaunta, kwamba siku moja kila mtaa utakuwa na chumba kama kile, na mama wa Kiswahili hatasafiri tena mabasi mawili kwenda kueleza moyo wake kwa mtu asiyemtazama usoni.

Halafu ikaja asubuhi ile.

Duka lilikuwa limejaa. Mama Sifa akasogea mbele na kitenge cha njano, akasema, "Tausi, nipe... nipe..." Nikadhani anatania. Akarudia, "nipe", na neno linalofuata likakataa kutoka. Pochi ikamponyoka mkono wa kulia. Akaitazama pale chini kama pochi ya mtu mwingine. Ndipo nikaona upande mmoja wa mdomo wake umelegea, umeshuka, kama pazia lililotoka kwenye ndoano moja.

Sikumbuki nilivyoita. Wenzangu wanasema nilipiga yowe, "Bwana Mahesh!" mpaka mtoto wa mteja akaanza kulia. Alitoka, akamkalisha Mama Sifa, akaniambia, "Mwambie ainue mikono yote miwili."

"Mama, inua mikono. Yote."

Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukapanda nusu, ukashuka wenyewe taratibu.

Nikapiga simu kuita gari la wagonjwa. Mtu wa simu ananiuliza maswali kwa Kiingereza, mimi natafsiri, Mama Sifa ananitazama kwa macho yanayoniuliza kitu ambacho mdomo haukiwezi. Jamani, ile hofu. Nimeiogopa kesi yangu ya kuomba hifadhi nikiwa mgeni hapa, nimeogopa barua za kodi ya nyumba, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kushika ule mkono uliolala na kuhisi ni mzito kama unga uliolowa. Niliusugua. Sijui kwa nini. Hakuna kozi iliyonifundisha kusugua.

Na kabla gari halijafika, vidole vikakaza. Mdomo ukarudi mahali pake. Mama Sifa akaangaza huku na huku, akasema wazi kabisa, "Mbona mumenizunguka hivi? Kuna mtu amekufa?"

Nikacheka huku machozi yakinitoka. Bwana Mahesh hakucheka. "Hiki ni kiharusi cha kupita," akaniambia. "Kimebisha hodi. Hospitali atakwenda hivyo hivyo." Gari likaja, Mama Sifa akaenda.

Tulipobaki, Bwana Mahesh aliingia chumba cha ushauri akakaa bila kuwasha taa. Wateja wanasubiri, simu inalia. Nilimpelekea chai ikapoa. Alikuwa anapitia kichwani kila kipimo, kila dozi. Akasema, "Dawa ni sahihi. Kiasi ni sahihi. Sasa kwa nini?" Akasukuma kikombe pembeni. "Nimempa kitu gani mimi?"

Daktari Folake alivuka barabara kwenye mvua bila koti. Hakusema pole. Alisimama mlangoni anachuruzika maji, wakazungumza Kiingereza, mimi nikasikia kila neno.

"Mahesh, mpango ule una majina mawili. Usijibebeshe peke yako."

"Una majina matatu," Bwana Mahesh akamjibu. "Na la tatu hatujalisikia likisema kitu zaidi ya ndiyo."

Jibu lilikuja kesho yake, ndani ya sanduku. Sifa alikuwa ametafuta gauni la kulalia la mama yake ampelekee hospitali. Akafungua sanduku lile la zamani ambalo Mama Sifa alikuja nalo nchini, na chini, vimefungwa kwenye kitenge kwa fundo safi, akakuta viboksi vyote tulivyompa. Havijaguswa. Alikuja navyo dukani mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kiswahili anakisikia vizuri, ila asipomtafsiria mama yake hujibu kwa Kiingereza, lakini siku ile lugha zote zilimwishia. Aliviweka kaunta, akasema tu, "Auntie."

Nawaambia, nilivihesabu vyote pale kaunta. Mama yule alikuwa amepita mbele yetu mwezi baada ya mwezi bila kinga yoyote, na sisi tukimpima presha na kumsifia kitenge.

Hospitali walipomruhusu, wakamwambia aendelee na dawa ile ile. Na huko nako aliitikia kwa kichwa. Bwana Mahesh akampigia Daktari Folake, akasema tukutane wote, na safari hii Tausi akae ndani. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba daktari alikaa juu ya katoni la karatasi za mashine. Mama Sifa alikaa katikati kama mshtakiwa, mkoba magotini. Viboksi vilikuwa mezani. Hakuna aliyevigusa.

"Tausi," Bwana Mahesh akasema kwa Kiswahili chake cha chupa, "usimuulize kama anakunywa. Muulize dawa hii ni ya nini."

Nikamuuliza. Mama Sifa akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akainama.

"Mnisamehe. Nyinyi ni watu wazuri. Sikutaka kuwabishia."

"Hujakosea kitu, mama. Sema tu."

"Ni dawa ya kukondesha damu."

Nilisikia vibaya, nilidhani. "Ya kufanya nini?"

"Kukondesha. Damu ikonde." Akainua kidole chake kidogo, kuonyesha wembamba. "Dada yangu alikonda hivi. Mwaka ule wa vita, tulikuwa tunamnywesha uji, anakonda, tunamnywesha, anakonda, mpaka akaisha. Mimi nimefika hapa na damu yangu tu. Sasa dokta ananiambia niikondeshe. Nikasema eeh, merci. Nikaenda kuzificha. Kutupa ni dhambi, kwetu watu wanalilia dawa."

Sifa akaficha uso. Kiingereza husema dawa za aina ile zinaifanya damu iwe "thin", na mtoto aliyelelewa kwa Kiingereza anajua "thin" ni mtu aliyekonda. Alichukua neno kutoka kabati la jikoni la mama yake, lililokuwa karibu, akalitumia. Mimi mwenyewe, nawaapia, ningeshikwa ghafla ningesema inapunguza damu, na hilo lingekuwa baya zaidi, maana kwetu aliyepungukiwa damu anapelekwa kuongezewa.

"Nilisema vibaya?" Sifa akaniuliza, kwa Kiswahili, na lafudhi yake ya Woolwich.

Kabla sijajibu, mama yake akamshika goti. "Ulisema vizuri, mwanangu. Ulisema ulichokuwa nacho."

Daktari Folake akaniomba nimtafsirie yote. Nilipomaliza akasogeza katoni lake mbele ya Mama Sifa. Halafu akaanza upya, polepole, sentensi moja moja, nami nikifuata. Damu haipungui. Haikondi. Inabaki ile ile, nyekundu ile ile, kiasi kile kile. Ila moyo wako ukiituliza sana, inaganda. Dawa inaizuia isigande.

Mama Sifa akakunja uso. "Kuganda."

"Kuganda, mama."

"Kama mawese?"

Tukatazamana. Bwana Mahesh akaniuliza kwa macho, mawese ni nini.

"Mafuta ya mawese," Mama Sifa akaeleza, na sasa alikuwa ameacha kuinama. "Hapa baridi ikija, nayakuta jikoni yamelala ndani ya chupa kama sabuni. Nageuza chupa, hakitoki kitu. Naiweka kwenye maji ya moto, yanaamka, yanamiminika. Hayajapungua. Ni yale yale." Akanyoosha kidole kwenye viboksi. "Hii ndiyo maji ya moto?"

Daktari aliposikia tafsiri alipiga paja. Bwana Mahesh aliangalia pembeni akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Daktari akaongeza, kwa haki, kwamba haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda, inazuia jipya, kwa hiyo haina faida sandukuni. Na akamwambia pia hatari yake: akijikata damu itachelewa kukata, akianguka akagonga kichwa asisubiri, akiona choo cheusi aseme siku hiyo hiyo. Mama Sifa hakuitikia kwa kichwa hata mara moja. Alirudia kila kitu kwa mdomo wake, akimhesabia Sifa kwa vidole. Halafu akasema, "Sasa nakubali. Siku ile sikukubali, siku ile nilikuwa na adabu."

Hilo neno lake ndilo nataka mbaki nalo, kuliko majina yote ya dawa. Watu wetu wana adabu. Adabu inaweza kuua. Mtu akikujibu eeh, hujamsikia bado. Tangu siku ile, Bwana Mahesh hakumaliza mgonjwa wa mpango bila kumwambia, "Nieleze mimi, kama unamweleza jirani yako." Mzee mmoja wa Plumstead alimjibu kwamba yeye na jirani yake hawaongei, kwa sababu ya paka. Hata hivyo alieleza.

Hofu haikuondoka. Kila Mama Sifa alipochelewa kuja, mimi nilikuwa nachungulia dirishani nikitafuta kitenge. Akitokea, nilimtazama mdomo kwanza, salamu baadaye. Amenizoea. Huingia akiwa amejichekesha makusudi, pande zote mbili, anionyeshe.

Na kifua changu ndiyo kilianza miezi hiyo. Mwanzoni nikasema ni baridi. Halafu nikaona kinabana siku za dawa za watoto tu. Nikapimwa, nikapewa pampu za pumu mbili, ya bluu ya wakati wa kubanwa na ya kahawia ya kila siku, ya kuzuia. Bwana Mahesh aliniuliza kila wiki, "Ya kahawia unavuta?" Nikamwambia ndiyo. Kwetu mtaani kila mtu anajua: ukishazoea pampu, mapafu yanakuwa mateka, hutaiacha mpaka kaburini. Nimefanya kazi kwenye dawa miaka yote hii na nimewaeleza watu wangapi kwamba hilo si kweli. Lakini nikiwa nyumbani, na ile pampu mkononi, nilikuwa binti wa Morogoro tu, naogopa.

Siku yangu ya mwisho walinizuia kuingia nyuma, nikaagwa mbele ya kaunta kama mteja. Bwana Mahesh alinipa ile sahani ya pembetatu, ameiosha mwenyewe. Akajaribu kutoa hotuba, akashindwa, akaenda kupokea simu isiyolia. Nikiwa naifunga ndani ya shali, Mama Sifa akaingia, tabasamu pande zote mbili, na chupa ya mawese chini ya kwapa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mafuta yamelala, chungwa tupu, hayasogei.

"Utayaweka kwenye maji ya moto," akasema.

"Najua, mama."

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Akaweka chupa kaunta.

"Na wewe dawa yako unavuta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Aaa, hapana. Mimi hiyo kichwa naijua, nimeifanya sana. Niambie na mdomo. Iko ya nini?"

Dukani watu walikuwepo. Bwana Mahesh alikuwa ameshusha simu. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, ni ya kuzuia kifua kisifunge. Nikamwambia naiogopa. Nikamwambia kwa nini, na nilipolisema lote kwa mdomo lilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

"Uko nayo hapo?"

Ilikuwa kwenye mkoba, kwenye boksi lake, haijafunguliwa. Nikaifungua mbele yake. Nikaitikisa, nikatoa pumzi yote, nikavuta taratibu kama nilivyowafundisha wengine, nikafunga mdomo. Mama Sifa akanishika mkono, akaanza kuhesabu kwa Kifaransa, bila haraka, akinitazama usoni. Alipofika kumi akaniminya vidole.

"Sasa achia," akasema.

Nikaachia.